Shamba la Milimani Lina Thamani Gani?

Mtahiniwa mpendwa, kila mwezi Novemba, siku ya mtihani wa mwisho, huwa nasimama karibu na lango la shule kuwaaga wanafunzi wangu. Wengi hutoka vijiji vya Usambara Mashariki, kule juu Amani, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na ukungu hufunika nyumba hadi saa nne asubuhi. Husikia sentensi moja kila mwaka: "Mwalimu, mimi milimani sirudi." Wengine huongeza kwamba watamwomba mzee auze kipande cha shamba ili wapate mtaji wa bodaboda au wa kibanda cha kutuma na kutoa pesa mjini.

Sikulaumu ukiwaza hivyo. Ninajua barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani. Ni kilomita chache tu, hazifiki hamsini, lakini wakati wa masika gari hukwama kwenye utelezi na abiria hushuka kusukuma. Mjamzito hubebwa. Gunia la iliki hukaa ndani likisubiri jua, na jua halitoki. Mtu akikuambia kwamba kuishi ndani ya msitu wa mvua ni raha kwa sababu hewa ni safi, muulize amelala huko usiku mingapi.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba shamba lile usiliuze sasa, na zaidi ya yote usiliuze kwa karatasi ya daftari. Nitakueleza kwa nini, na nitaanza na nyumbani kwetu.

Mwaka 2007 nilichaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Baba hakuwa na ada. Aliuza eka tatu zenye iliki na mikarafuu kwa mfanyabiashara mmoja kutoka mjini. Hati ya mauziano iliandikwa kwenye ukurasa uliochanwa daftarini, mashahidi wawili wakaweka dole gumba. Bei ilitosha ada ya mwaka mmoja na godoro. Basi mimi ninayekuambia usiuze nimesoma kwa fedha za shamba lililouzwa, na sitaki kulificha hilo. Bila zile eka tatu huenda nisingekuwa mwalimu. Lakini baba hakujua alichokuwa anauza. Hakupima, hakwenda Halmashauri ya Kijiji, na mpaka alioutaja ulikuwa "kutoka mwembe hadi kijito". Miaka mitatu baadaye kijito kilikuwa cha mnunuzi, na mwembe pia.

Sasa tuiangalie sheria, ambayo pengine umeikariri kwa ajili ya mtihani bila kuihusisha na shamba la bibi yako. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una kauli juu ya ugawaji wake. Mwanakijiji anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria inasema haki hiyo ina hadhi sawa na ile ya mwenye hati ya kiwanja mjini. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba shamba la kimila si mali kamili amepitwa na wakati. Mauziano kwa mtu wa nje ya kijiji yanahitaji idhini ya Halmashauri, si mashahidi wawili na dole gumba.

Na wewe binti, kipengele hiki kisome mara mbili. Sheria hiyohiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Mjomba akisema "mtoto wa kike haridhi shamba", anazungumza mila ambayo sheria imeshaikataa. Mjibu kwa heshima, lakini mjibu.

Kuna mpaka mwingine ambao ni mgumu zaidi kwa kijiji cha msituni, nao ni mpaka wa hifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika msitu wa Derema ulio jirani, wakulima zaidi ya elfu moja waliambiwa kwamba mashamba yao ya iliki yamo ndani ya eneo linalotakiwa kuunganisha vipande vya msitu. Walilipwa fidia, na fidia hiyo ilitegemea hesabu ya mazao yaliyokutwa shambani. Mti uliohesabiwa ulilipwa, lakini mahali pa kupanda mwingine ni swali jingine. Ibara ya 24 ya Katiba inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Ni ibara nzuri. Ila fidia humfikia kwa urahisi yule ambaye mpaka wake unajulikana na jina lake limeandikwa.

Hapa najua utaniuliza: kama hifadhi inaweza kufika mpaka kwenye shamba, na barabara ni mbaya, thamani iko wapi? Hoja hiyo ina nguvu, na katika insha yako ya hoja usiikimbie hoja ya namna hiyo. Itaje kwanza kisha uijibu.

Jibu langu ni hili. Thamani ya shamba la msituni haifanani na ya kiwanja cha mjini, ambacho hupanda bei hata kikiota majani tu. Huku juu, shamba lina thamani kwa mtu anayelitumia. Iliki inahitaji kivuli na unyevu, vitu ambavyo tambarare ya Muheza haina. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Pilipili manga hupanda juu ya mti uliopo, na mdalasini hukubali mteremko. Mazao haya ni mepesi kuliko mahindi kwa bei yake. Kilo chache zikichukuliwa na bodaboda zinalipa nauli. Kinachomwibia mkulima ni kuuza mbichi, kabla halijakomaa, kwa mlanguzi aliyefika mlangoni siku ya shida. Kijana aliyesoma hadi kidato cha nne, anayejua kupiga hesabu ya asilimia na kukausha vizuri, ana nafasi pale ambayo baba yangu hakuwa nayo. Hata maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu hii. Mji mzima unakunywa kutoka kwenu, halafu unaambiwa kwenu hakuna kitu!

Sikuambii ukae kijijini maisha yako yote. Nenda VETA, nenda kidato cha tano, nenda Dar es Salaam ukitaka. Ninachokuomba ufanye katika ile miezi ya kusubiri matokeo ni kazi ndogo. Zunguka mipaka ya shamba pamoja na mzee na majirani wote mkiwa pamoja, mkubaliane kwa sauti. Andika majina ya majirani na alama za mpaka, na usitegemee mwembe peke yake. Kisha uliza kwenye ofisi ya Afisa Mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya ardhi, kwa sababu bila hivyo hati za kimila haziwezi kutolewa. Kama havipo, hoja hiyo ipelekwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ukishatimiza miaka 18 una haki ya kusimama na kuitoa wewe mwenyewe.