Imani Yetu Haikujengwa Juu ya Uvumi



Kila mwaka, Dominika ya Pili ya Pasaka, Kanisa hutusomea habari za Mtume Tomaso, na kila mwaka tunamhukumu isivyo haki. Tunamlaumu kana kwamba kosa lake lilikuwa kuuliza. Kutokana na lawama hiyo limezuka fundisho linalopendwa sana siku hizi: eti imani ya kweli haiulizi wala haipimi, bali humeza yote inayoambiwa. Fundisho hilo si la Kanisa, na lina madhara makubwa.

Kosa la Tomaso lilikuwa jingine. Wenzake kumi, watu aliokula nao na kusafiri nao, walimwambia kwamba wamemwona Bwana, naye akaukataa ushahidi wao. Wenye heri ambao Bwana aliwasifu kwa kuamini bila kuona ni wale wanaolipokea neno la walioona. Hakumsifu mtu anayeamini kila kitu.

Tazameni Mitume walivyokuwa waangalifu. Walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, hawakumtafuta msemaji hodari wala mwenye ndoto nyingi. Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, yaeleza sharti lao: awe ameandamana nao tangu ubatizo wa Yohane hadi siku Bwana alipopaa. Mtakatifu Luka, ambaye hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili, anakiri mwanzoni mwa Injili yake kwamba habari zake zimetoka kwa mashuhuda, naye amezichunguza. Paulo, akiwaandikia Wakorinto yapata mwaka 55, miaka kama 25 tu baada ya Msalaba, anamtaja Kefa, anamtaja Yakobo, anawataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Mfufuka kwa wakati mmoja, kisha anaeleza kwamba wengi wao wangali hai. Mwongo hataji mashahidi wanaoweza kuulizwa.

Tena, ni nani waliotangulia kuleta habari ya kaburi tupu? Ni Maria Magdalena na wanawake wenzake. Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aandika kwamba ushahidi wa wanawake haukupaswa kupokelewa. Katika karne ya pili mpagani Celsus alilidhihaki jambo hilohilo. Anayetunga hadithi ili aaminiwe hachagui mashahidi watakaodharauliwa. Wainjili waliwaandika wanawake hao kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wapo wasemao kwamba Injili zinatofautiana: huyu ataja malaika mmoja kaburini, yule wawili. Waulizeni wazee wa baraza. Mashahidi wanne wakisema yaleyale neno kwa neno, wazee hushuku kwamba wamefundishwa. Wakihitilafiana katika madogo na kupatana katika lililo kubwa, husikilizwa.

Sasa tujitazame. Neno hili zito, ushuhuda, tumelifanya kuwa rahisi mno. Mtu asiyejulikana atokako asimama jukwaani, asema ameponywa ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuthibitisha. Watu wapiga vigelegele, kapu la sadaka lapita. Baadhi ya waamini wetu, waliobatizwa na kupewa Kipaimara, huacha Misa na kukimbilia huko. Wengine hutupa hata dawa zao. Nasema bila woga: huo ni uvumi uliovishwa joho, na gharama yake hulipwa na wagonjwa. Huko Lourdes, Ufaransa, tangu mwaka 1858 maelfu wamesema wameponywa. Hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua miujiza 70 tu, baada ya madaktari kuchunguza. Je, huko ni kukosa imani? La hasha! Ni kuiheshimu.

Ndugu zangu, mtu aliyezoea kumeza uvumi, siku atakapougundua uongo wa jukwaani, ataudhania Ufufuko nao kuwa hadithi ya namna hiyohiyo. Hapo ndipo roho zinapopotea. Basi, atakayewaletea habari ya muujiza, muulizeni: Nani aliona? Lini? Wapi? Mitume waliweza kujibu maswali hayo. Kiswahili humwita shahidi yule aliyeona, na shahidi pia yule anayeuawa kwa ajili ya imani. Petro na Yakobo walikuwa yote mawili.

Nawatakieni Dominika njema na baraka za Bwana Mfufuka.