Picha za HDR: Nani anamlinda mwenye runinga ya kawaida?

MECHI inachezwa saa kumi alasiri. Nusu ya uwanja imepigwa na jua kali, nusu nyingine imefunikwa na kivuli cha jukwaa. Mwenye runinga ya kisasa anawaona wachezaji wa pande zote mbili bila taabu. Jirani yake mwenye runinga ya kawaida anamwona winga akiingia kivulini na kupotea kana kwamba amezimiwa taa. Wote wanatazama mchezo ule ule, uliopigwa na kamera zile zile.

Tofauti hiyo imetokana na teknolojia ijulikanayo kwa kifupi kama HDR. Kiwango cha picha tulichokizoea kilipitishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 1990, na kwa desturi huandaliwa kwenye kioo chenye mwangaza wa takriban niti 100. Niti moja ni sawa na mwanga wa mshumaa mmoja kwa mita moja ya mraba. Mwaka 2016 ITU ilipitisha mifumo miwili ya HDR: ule wa PQ, unaoweza kubeba mwangaza hadi niti 10,000, na ule wa HLG uliobuniwa na BBC ya Uingereza pamoja na NHK ya Japani.

Ni dhahiri kwamba mzigo huo hauwezi kutoshea katika chombo cha zamani bila kitu kupunguzwa. Mashine ya kubadili picha ina njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukata, yaani kila kinachozidi kipimo kinakuwa cheupe tupu, na mawingu yanatoweka. Ya pili ni kubana mwangaza wote taratibu, na hapo picha ikibanwa kupita kiasi hupauka au kuwa nzito. Uso wa mtu mweusi aliyesimama kivulini, ambao tayari uko chini katika ngazi ya mwangaza, ndio hutangulia kumezwa na giza.

Hapo zamani fundi wa kamera alifungua lenzi kidogo kila mpira ulipoingia kivulini. Akitazama kioo cha HDR, haoni sababu ya kufanya hivyo, kwani kila kitu kinaonekana. Kwa sababu hiyo, miongozo ya ITU inaeleza utaratibu ambao fundi huyo anatazama picha ya kawaida ikiwa imekwishapita kwenye mashine ya kubadili, na kurekebisha kamera kwa kuifuata hiyo. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ilitayarishwa kwa HDR na picha ya kawaida ikatolewa humo humo kwa majedwali maalumu ya rangi. Kazi hiyo inawezekana, ila inahitaji watu wa kuisimamia.

Wasiwasi wa mwandishi wa makala haya uko zaidi katika vyumba vya habari. Tangu mwaka 2020 simu za iPhone 12 zilipotoka zikiwa zimepangwa kurekodi HDR bila mwenyewe kuamuru, picha za mashuhuda wa ajali, moto na maandamano zimekuwa zikiingia studio zikiwa na mwangaza usiolingana na wa kamera za kituo. Mhariri mwenye haraka ya taarifa ya saa mbili usiku akiziweka kwenye programu ambayo haikupangwa kuzibadili, mara nyingi zinatoka zimeungua kwa weupe. Jioni inafanana na adhuhuri, na sura ya mtu anayetuhumiwa, au anayetafutwa na ndugu zake, haitambuliki. Hilo si suala la urembo wa picha hata kidogo.

Mwezi Septemba 2023, CAF ilizikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Runinga nyingi zilizoko sebuleni na kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira ni za kawaida. Iwapo mechi hizo zitapigwa kwa HDR, mikataba ya matangazo haina budi kutamka wazi nani atakaa mbele ya kioo cha kawaida tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na awe na mamlaka ya kumwambia fundi wa kamera afungue lenzi.