Kuasili mtoto wa ughaibuni? Jiandae kusota!

Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani hapa mjini. Tuwatazame watu wanaotafuta mtoto kwa udi na uvumba, tena kwa kuvuka mipaka.

Huku kwetu kuchukua mtoto wa ndugu ni shughuli ya siku moja. Shangazi anakuja msibani toka mkoani, akirudi kaondoka na mtoto na kifuko chake cha nguo. Hakuna hakimu wala muhuri. Lakini kuasili, yaani mtoto kuwa wako kisheria kabisa na ukaondoka naye kwenda nchi nyingine, hiyo ni ngoma nzito, bwana wee!

Muulizeni Madonna. Pesa anazo, jina analo, mawakili ndiyo usiseme. Mwaka 2006 alikwenda Malawi akapewa kibali cha muda cha kukaa na mtoto David. Hukumu ya mwisho ilitoka Mei 2008! Mwaka 2009 akarudi kuomba binti, Mahakama Kuu ikamkatalia kwa sababu hakuwa mkazi wa Malawi. Akakata rufaa, Juni mwaka huo huo akashinda. Sasa kama staa mzima kasukwasukwa hivyo, fundi bomba wa Milano atakuwa mgeni wa nani?

Yeye anaanzia nyumbani kwake. Maofisa wa ustawi wa jamii wanakagua nyumba, mshahara, afya, mpaka ndoa inavyokwenda. Polisi nao wanachungulia kama aliwahi kufungwa. Kisha faili linavuka bahari, anasubiri kupangiwa mtoto, halafu mahakama, pasi na viza. Wapo wanaomaliza kwa mwaka mmoja au miwili, wapo wanaopitisha mitano.

Na kila nchi ina masharti yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Uganda mwaka 2016 waliandika mwaka mmoja. Kenya ilisimamisha mwaka 2014. China, iliyotoa watoto kwa maelfu tangu miaka ya tisini, ilifunga mlango mwaka 2024, wakati wapo wazazi waliokuwa wameshapangiwa watoto tangu kabla ya korona. Picha wanayo ukutani, mtoto hawana!

Utasema ni longolongo tupu. Mimi nasema si yote. Mtoto aliye kituoni si lazima awe yatima. Hata David baba yake alikuwa hai. Na wapo madalali wanaogeuza watoto bidhaa. Kwa hiyo kumtafuta baba, bibi au mjomba kabla ya kugonga muhuri ni haki ya mtoto, hata kama itachukua mwaka mzima. Anayetaka mtoto kweli atasubiri.

Kinachoniuma ni kile kilichotokea Kongo. Septemba 2013 uhamiaji wa Kinshasa ulisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa. Serikali ilihofia karatasi za kughushi na watoto kuteswa huko waendako. Hofu ya maana. Lakini wamo watoto ambao mahakama ilishamaliza kazi! Majina yamebadilishwa, wazazi wanajulikana, mtoto hatoki. Kuna wazazi waliohamia Kinshasa wakaishi huko. Mei 2014 watoto 31 wakaruhusiwa kwenda Italia. Wengine wengi walisota hadi 2015 na 2016.

Hebu piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja sasa ana zaidi ya mitatu. Ameshajifunza kuongea, na anayemwita mama ni dada wa kituoni. Ndipo anatua mgeni na begi, anaambiwa huyu ndiye mama yako. Atamwelewa vipi?

Ndiyo maana nasema wakubwa wachunguze mpaka wachoke kabla ya hukumu. Hukumu ikishatoka, mambo ya njoo kesho yakome, maana anayeumia hapo hana hata sauti ya kulalamika.

Wewe mwenzangu unasemaje? Tuandikie. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo hapa hapa. Baadaye!