Maji Yakipwa, Wanafunzi Wako Wapi?

Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inayoizunguka Unguja na Pemba hukupwa mpaka ikaacha wazi mchanga, majani na mwamba ambao siku nyingine hufunikwa. Kwa mpango wake Mwenyezi Mungu, maji hayo hufika chini kabisa mnamo saa nne au saa tano za asubuhi. Wakati huo akina mama wako pwani wakishughulikia mwani na kutafuta pweza. Watoto wao wako darasani, wakinakili ubaoni mchoro wa kiumbe ambaye yu hai mbele ya skuli yao.

Tunapenda leo kumzungumzia mwalimu asiyeridhika na hali hiyo, akaamua kuwatoa wanafunzi wake nje. Walimu wa namna hii wapo visiwani mwetu, nao aghalabu hawana vifaa zaidi ya ndoo moja na kijiti cha kuonyeshea. Mwalimu wa aina hiyo hugeuza jiwe, akawaacha watoto wakitazame kilichojificha chini yake, kisha akalirudisha jiwe lile kama lilivyokuwa. Kwa maoni yetu, kule kulirudisha ni nusu ya somo lenyewe.

Mengi hujulikana hapo kwa muda mfupi. Mtoto aliyedhani tumbawe ni jiwe tu huambiwa kwamba limejengwa na wanyama wadogo walio hai, na kwamba mawe ya nyumba za Mji Mkongwe ni mwamba wa matumbawe ya zama za kale. Huelezwa kwa nini mwaka 1998, na tena mwaka 2016, joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi kupauka. Huyaona majani ya bahari ambayo tasi huyala, akafahamu kwamba juya linaloburuzwa juu yake humwondolea samaki huyo chakula na maficho kwa pamoja. Na mtoto wa Paje au Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, hupata jibu la swali analolisikia nyumbani kila siku: kwa nini mwani wa kotonii, wenye bei nzuri kuliko ule mwingine, unaoza na kukatika kambani. Kotonii hauvumilii joto, na maji ya karibu na pwani yamezidi kupata joto. Mtoto anayelijua hilo ataelewa kwa nini baadhi ya akina mama wanatafuta njia ya kupeleka mashamba yao kwenye kina kirefu, ingawa wengi wao hawajui kuogelea.

Wapo wanaosema kwamba mafunzo haya ni mambo ya wageni, yaliyokuja na mahoteli. Hatukubaliani nao. Chuoni tulifundishwa kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na kwamba alichopewa ni amana. Na kule Misali mafundisho hayo hayo yametumika kuzungumza na wavuvi juu ya kuihifadhi bahari. Aidha, mwanafunzi anayejua kuhesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu anaweza kuitambua bamvua bila ya kutazama jedwali lolote, jambo ambalo baadhi ya waliosoma sana hawaliwezi.

Faida ya elimu ya namna hii imekwisha kuonekana. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingineko duniani, alikuwa akiwindwa kwa kitoweo, na misitu anamolala ikikatwa. Watafiti waliofika kisiwani mwaka 1989 walihofia kwamba alikuwa karibu kutoweka. Kazi ya maofisa wa misitu, wanavijiji na skuli ilibadili mambo, na leo popo hao wanahesabika kwa maelfu, na wageni huenda Kidike kuwatazama. Huko Unguja, kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, kimekuwa kikipokea wanafunzi kwa miaka mingi. Kazi hiyo tunaipongeza. Hata hivyo mashua hubeba wachache, na wanafunzi wetu ni wengi.

Tatizo kubwa liko katika utaratibu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi na kudumu siku chache tu. Barua ya mwalimu ya kuomba ruhusa ikizunguka kutoka meza moja hadi nyingine, hurudi maji yakiwa yamekwisha kubadilika. Kipindi kimoja cha masomo nacho hakitoshi kwenda na kurudi. Juu ya yote hayo upo mtihani, ambao haumuulizi mtoto alichokiona, na mwalimu hupimwa kwa mtihani huo huo.

Tunaielewa tahadhari ya wakubwa. Nchi iliyozika watu wake baada ya ajali za meli za mwaka 2011 na 2012 haiwezi kulaumiwa kwa kuiogopa bahari. Lakini safari tunayoizungumzia ni ya miguu. Wanafunzi hufuata maji yanapotoka na hurudi kabla hayajageuka, wamevaa viatu kwa ajili ya miba, wakiongozana na mvuvi au mama wa pwani anayeijua mikondo ya mahali pale.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwape walimu wakuu uwezo wa kutenga asubuhi mbili za bamvua katika kila muhula, ndani ya shehia yao, sheha akiwa na taarifa na wazazi wakiwa wamekubali. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha, ukieleza idadi ya watu wazima kwa kila kundi la watoto na saa ya mwisho ya kuwa wamerudi nchi kavu. Watunga mitihani nao waweke angalau swali moja ambalo halijibiki ila na mtoto aliyefika pwani. Skuli za bara, zisizo na ufuko, zipewe nafasi kama hiyo kwa ajili ya Jozani, Ngezi na vichaka vilivyo karibu nazo. Waraka huo ukitoka kabla ya muhula kuanza, walimu watapata muda wa kuzipanga siku zao kwa kufuata mwezi.