Usiuze Kompyuta Yako Ukatafute Mzuka Dar

Leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Ninao, tena wa moto, ila utasubiri. Leo kuna jambo nimekaa nalo rohoni wiki nzima na nisipolisema litanikaba.

Kuna mshkaji mmoja wa Kigongo, jina lake naliweka mfukoni. Wengi mmeshaziona video zake hata kama jina hamlijui. Jamaa alianza na mambo ya kivukoni: wapiga debe wanagombania abiria, wamama wa samaki wa kukaanga wanakimbizana na dirisha la basi, dereva wa lori kalala chini ya gari lake maana foleni haisogei. Ulikuwa unacheka peke yako kama chizi, kwa sababu kama umewahi kuvuka pale kwenda Sengerema au Geita, mambo yale unayajua.

Halafu tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akafungua lile Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, kutoka Kigongo mpaka Busisi. Ile safari ya kusubiri kivuko muda mrefu ikawa dakika chache tu. Tulishangilia wote, na haki yetu. Mshkaji naye akapiga daraja asubuhi, akapiga jioni, akapiga kwa juu, akapiga kwa chini. Laiki zikamiminika. Lakini baada ya muda kila mwenye simu akawa na video ya daraja, na ya kwake haikuwa na tofauti na ya mgeni aliyepita na basi.

Toka hapo kimya. Kajifungia geto, ukimuuliza anasema kichwa kimegoma. Na wiki hii nasikia ametangaza anauza kompyuta yake ili apate nauli na kianzio aende Dar. Sababu? "Huku hakuna kitu."

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonirukia: asiuze. Akiuza, atasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenda kukaa kwenye geto lingine, lenye kodi kubwa zaidi, akiwa hana hata hicho kifaa cha kufanyia kazi. Mtu akikwama nyumbani, mara nyingi hajakosa mji. Amekosa vitu viwili: siku aliyojiwekea, na mtu anayemsubiri. Vyote viwili unaweza kuvitengeneza ukiwa hapohapo kwenu. Ngoja tuchukue visingizio kimoja kimoja.

"Huku hakuna kitu"

Panda meli pale Mwanza uende Nansio, Ukerewe. Kwenye kisiwa hicho aliishi mzee mmoja anaitwa Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Huyu simfichi jina, maana anastahili kujulikana na vijana wote wa ziwa hili. Mzee alikaa kwao akaandika riwaya nene kwelikweli kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani, na akaimaliza mwaka 1945. Inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Unajua ndani kuna nini? Mtu na mke wake hawajapata mtoto, na wakwe wamechachamaa. Kuna pombe ya ndizi, uvuvi, kilimo, salamu, ugomvi wa ukoo, dawa. Yaani vitu ambavyo wewe ukiviona nyumbani unasema havina kiki. Yeye aliviona vinatosha kitabu kizima, na mpaka leo wasomi duniani wanakisoma.

Na mambo hayakumnyookea. Hakupata wa kukichapa. Akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka mwaka 1980 kupitia Tanzania Publishing House, miaka 35 baada ya kukimaliza, na mwaka 1981 akafariki kabla hajakishika mkononi. Sisemi na wewe usubiri miaka 35, Mungu apishe mbali. Nasema hivi: kama Ukerewe ya mwaka 1945 ilikuwa na kitu, Kigongo ya leo yenye daraja na bodaboda wa kila aina haiwezi kukosa.

"Sina vifaa"

Hiki ndicho kinachopendwa zaidi. Simu yangu kamera mbovu, sina maiki, sina taa. Sawa. Sasa mfikirie Edward Saidi Tingatinga. Jamaa ametokea huko Tunduru, kusini kabisa, hajasomea kuchora popote. Mwaka 1968 hivi, akiwa Dar, akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa kutumia rangi za kupakia baiskeli. Turubai la wachoraji hana, rangi za gharama hana. Akawa anauza picha zake pale Morogoro Stores, Oysterbay.

Alifariki 1972. Piga hesabu mwenyewe, ni kama miaka minne tu ya kuchora. Leo ukienda Dar, Zanzibar au Arusha, jina lake limekuwa jina la mtindo mzima na kuna watu wanakula kupitia mtindo huo. Ile rangi ya baiskeli inayong'aa, ambayo mtu mwingine angeiona aibu, ndiyo iliyozifanya zile picha zitambulike ukiwa mbali. Kwa hiyo hiyo simu yako yenye kioo kilichopasuka, anza nayo. Kama sauti haitoki vizuri, tengeneza kitu kisichohitaji sauti.

Na najua kuna mtu atasema, "Sasa si unaona, Tingatinga naye alikuwa Dar?" Ndiyo. Ila kilichomtoa ni hadibodi na rangi ya baiskeli, vitu ambavyo hata Misungwi vinauzwa.

"Mzuka haupo"

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Wasukuma tuna kitu ambacho tumekiacha kiwe cha wazee na watalii wa Makumbusho ya Bujora pale Kisesa: ushindani wa ngoma wa Bagika na Bagalu. Ni makundi mawili yenye historia toka karne ya 19. Mavuno yakiisha, makundi yanakutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, huyu upande huu, yule upande ule. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watu wenyewe wanahama na miguu yao. Upande uliojaza watu ndio umeshinda. Sasa fikiria wewe ni mchezaji, unaona watu wanakukimbia wanaenda kwa mpinzani wako huku unacheza! Ndiyo maana kila msimu walikuwa wanakuja na kitu kipya: wimbo mpya, mavazi mapya, wengine wanaingia na nyoka. Na dawa za kuvuta watu zilitumika pia. Nyie mnadhani kiki zilianza na Instagram?

Angalia sasa. Wale wachezaji hawakuhama kijiji ili wapate mzuka. Walikuwa wakulima, wanashinda na jembe. Walichokuwa nacho ni siku inayojulikana, mpinzani anayejulikana, na watu watakaokuja kuwaangalia. Ukishakuwa na hivyo vitatu, mzuka utautafuta hata kama umechoka.

Na hebu tuwe wakweli, Dar wanapata nini ambacho sisi hatupati? Hewa ya ubunifu? Ile ni joto na foleni tu. Wanachopata ni produza anayepiga simu "dogo uko wapi, muda wako wa studio umefika", mwenye nyumba anayegonga kudai kodi, na mshkaji wa chumba cha pili ambaye jana katoa kazi kali kuliko yako. Kuna mtu anawasubiri na kuna mtu anawatia wivu. Wewe ukiwa home hakuna anayekusubiri, unakula kwa mama, unalala, unaamka unaperuzi kazi za wenzako mpaka bando linakata, halafu unasema kichwa kimegoma. Hakijagoma bwana, hakijapewa kazi.

Sasa tufanyeje?

Kuna dada mmoja wa pande za Usagara, naye simtaji maana hapendi makuu. Mchana anauza genge. Kila Ijumaa saa moja jioni anaweka status ya hadithi fupi kama alivyosimuliwa na bibi yake, kwa sauti yake, na picha aliyochora kwa kalamu ya kawaida. Alianza na watu kumi tu aliowaambia kwa majina: "Ijumaa saa moja msikose." Ijumaa moja umeme ulikatika akachelewa, simu ikajaa meseji: "Dada, leo vipi, unaumwa?" Siku hiyo alirekodi kwa mwanga wa tochi. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwama miezi mitatu, hataachiwa nafasi na watu wake.

Kwa hiyo kwanza, weka siku na saa, na uwaambie watu kumi kwa majina. Usitangaze kwa dunia nzima, dunia haina habari na wewe. Watu kumi wanaokujua ndio watakaokuuliza.

Pili, tafuta mpinzani. Simaanishi kutukanana mitandaoni. Tafuta mwenzako mmoja mkubaliane: Jumapili wote tunatoa, tuone watu watahamia wapi. Bagika na Bagalu ya kwenye simu.

Tatu, asubuhi fanya chako kabla hujaangalia cha mwenzako. Hata nusu saa. Ukianza siku na kazi za watu 50 waliokuzidi, lazima chako ukione takataka.

Nne, geuza kamera. Hii naisema hasa kwa wa Kigongo. Daraja limeshapigwa picha za kutosha, lipe mgongo. Wale wamama wa samaki soko lao lilikuwa ile foleni, leo foleni haipo. Wamekwenda wapi, wanauza nini? Wapiga debe sauti zao wanazitumia wapi siku hizi? Mgeni akipita na basi dakika chache hawezi kuwajua hawa. Wewe unawajua kwa majina, wengine umewaita mama mdogo toka utotoni. Nenda, wape shikamoo yao, omba ruhusa, kaa usikilize. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtu wa Dar hawezi kukuzidi hata awe na kamera ya milioni 10.

Tano, maliza hata kikiwa kibaya. Kibaya kilichoisha kinarekebishika. Kizuri kilichoko kichwani hakina mtazamaji.

Sasa najua nyumbani siyo rahisi. Umekaa tu upate wazo, unatumwa dukani. Mzee anauliza, "Hiyo kazi ya kujirekodi unacheka peke yako inalipa lini?" Na dada zetu ndio wana mzigo zaidi: maji, vyombo, kupika, wadogo zao. Kaka mtu akiwa na simu anaambiwa yuko bize, dada mtu akiwa na simu anaambiwa mvivu. Hilo lipo na halijakaa sawa. Ila siku na saa inasaidia hata hapo. Ukimwambia mama, "Mama, shikamoo, naomba kila Ijumaa saa kumi na mbili mpaka saa moja unisamehe, kazi zote nitakuwa nimemaliza," anaweza akakuelewa. Ukiwa kwenye simu siku nzima bila ratiba, hata mimi ningekutuma dukani.

Na sijasema Dar usiende. Fid Q katokea Mwanza hii hii. Young Killer katokea Mwanza hii hii. Muziki una redio zake, studio zake na watu wake, na vingi viko kule. Lakini wale walikwenda tayari wana kitu, na Mwanza hawakuivua getini. Nenda ukiwa na begi limejaa kazi, ili ukifika uulizwe "umeleta nini" uwe na cha kufungua. Ukienda ili ukatafute wazo, mawazo ya kule yana wenyewe tayari.

Haya, nimemaliza, mawe yaanze kurushwa, na Rock City mawe hatujakosa. Ila kabla hujanirushia, dondosha kwenye komenti vitu viwili tu: siku yako na saa yako. Usituelezee ndoto, siku na saa vinatosha. Mimi nitapita kuangalia nani katoa na nani kaingia mitini, na safari hii walioingia mitini nitawataja majina.