Mbao ya kujifunzia iko miguuni pa fundi

Pitia kurasa zozote za kuuza vitu vya mkono wa pili utaiona. Skroli so safi, rangi haijachubuka, bleidi bado ziko kwenye pakiti, na muuzaji ameandika kwamba imetumika kidogo sana. Ukimpigia umuulize mbona anaiuza, hatakwambia imeharibika. Atakwambia tu haitumii tena. Mimi nina maoni yangu kuhusu hizo mashine: nyingi zinauzwa kwa sababu mwenyewe alikosa mbao ya maana, akala hasara mara mbili tatu, akachoka.

Kwa wewe ambaye hujawahi kuiona, skroli so ni mashine ndogo ya mezani yenye msumeno mwembamba unaopanda na kushuka haraka. Ndiyo inayokata majina ya watoto ya kutundika mlangoni, ramani ya Kenya ya ukutani, hereni za mbao na vile vipande vya kuchezea vinavyopangwa hadi vitoe tembo. Haitaki nafasi kubwa. Unaweza kuiweka kwenye kibaraza cha keja yako na jirani asilalamike sana. Kwa kijana anayetafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake bila kukodisha karakana, ni mwanzo mzuri.

Shida ni kwamba mashine unaipata kirahisi, lakini hakuna anayekwambia mbao utaitoa wapi.

Mimi nilinunua yangu nilipoacha chuo, kwa pesa nilizoweka kidogo kidogo kwa miezi saba. Kesho yake nikaenda yadi ya mbao, nikaomba saipresi ya 8 kwa 1, futi kumi. Nilijiona mfanyabiashara. Nikaipandisha matatu, makanga akanilipisha viti viwili, nikalipa bila maneno. Nikamkatia mteja wangu wa kwanza jina la binti yake, herufi saba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikalipwa kwa simu. Siku ya tisa yule mama akanitumia picha. Jina lilikuwa limejikunja kama chapati iliyosahaulika juani, na herufi ya katikati imepasuka. Nilimrudishia pesa zote.

Mbao ilikuwa mbichi. Hakuna aliyenidanganya. Yadi nyingi za mtaani huuza mbao za paa na za mjengo, na mtu wa paa hana shida na unyevu. Anaigongelea misumari ikiwa bado na maji, inakauka ikiwa imeshikwa. Wewe unayekata herufi nyembamba kama kidole huna msumari wa kuishika. Mafundi wana kanuni ya zamani: mbao iliyoanikwa hewani inahitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mimi nilikuwa nimeipa usiku mmoja.

Sehemu ya lawama naipeleka kwa video tunazojifunzia. Unamwona mzee wa Marekani akifungua kabati lake, anatoa mbao ya walnati, anatoa cheri, anatoa mepo, zote zimekauka na kupigwa randa hadi zinang'aa. Wewe uko Umoja au Kayole na hujui hata mahali pa kuanzia kuuliza. Unaamua kwamba hii kazi ni ya watu wa ng'ambo, au unakimbilia ubao mzima wa bei ghali ili ufanane na video.

Basi msimamo wangu ni huu. Miezi yako sita ya kwanza, usinunue ubao mzima. Nunua vipande vya mabaki kutoka kwa mafundi wa fanicha. Nimesema nunua. Usiombe.

Mafundi wenyewe huna haja ya kuwatafuta mbali. Nairobi wako Gikomba na wako kando ya Ngong Road, pale vitanda na makochi hupangwa hadi karibu na barabara. Kisumu wako Kibuye. Na mtaa wowote unaoishi hauwezi kukosa fundi wa vitanda na makabati. Chini ya meza yake kuna rundo la vipande vya urefu wa kiganja hadi mkono, ambavyo kwake ni vifupi mno. Kwako wewe ni saizi kamili. Fundi mzuri wa fanicha hatumii mbao mbichi, kwa hivyo kipande hicho kilikauka kabla hajakigusa, halafu kikalala hapo wiki kadhaa. Mara nyingi kimeshapigwa randa. Unene wake ni robo inchi hadi robo tatu ya inchi, na hapo ndipo mwanafunzi wa skroli so anapofaa kuanzia. Ubao mnene zaidi utakukatia bleidi na kukukatisha tamaa.

Kuna faida nyingine ambayo ubao mmoja wa dukani hauwezi kukupa. Gunia moja la mabaki linaweza kuwa na mahogani, mvule, saipresi, mukima na MDF pamoja. Ukikata vipande kumi vya miti mitano, mkono wako unajifunza. Saipresi ni laini lakini ina mafundo yanayorusha bleidi. Mahogani inakata polepole na kuacha ukingo safi. Mkaratusi ni mgumu na unapenda kupasuka na kujipinda, huo uuache kwanza. Mukima, ambao vitabuni huitwa grevilea, umejaa kwenye mashamba ya Mkoa wa Kati wa zamani, na ukipigwa msasa una madoa yanayometa kama hariri. Ukiuliza maoni yangu, hiyo ndiyo mbao ya mwanafunzi wa Kenya. Ila vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na la mvule husumbua kifua, kwa hivyo vaa barakoa.

Sasa tuje kwa neno lile, kununua. Mara ya kwanza nilipomwendea fundi mmoja, nilimuuliza, "Mzee, hizi mnatupa?" Alicheka hadi akaweka randa chini. "Kijana wangu, hapa hakuna kitu kinatupwa. Hizo ni za mama githeri. Hayo maranda ni ya mtu wa kuku."

Nilichoita takataka kilikuwa na mwenyewe. Mama anayechemsha githeri hununua vipande kwa gunia kama kuni. Anayefuga kuku huchukua maranda ya kutandika bandani. Ukija na simu yako nzuri ukabeba bure kwa sababu una tabasamu, kuna mtu jioni atakosa kuni, na fundi atakosa hela ya chai. Vijana wa mtaani tunapenda kusema tunaunga mkono jua kali, halafu tukifika kwa jua kali tunataka vya bure.

Lipa bei ya kuni, ongeza kidogo juu. Mimi nilimwongezea mia moja nikamwambia anichagulie zilizonyooka. Kile kiasi kidogo kilibadilisha mambo. Wiki iliyofuata alikuwa ameniwekea pembeni vipande vya mahogani, na kila nilichoinua alinitajia jina lake na kazi aliyotoka. Elimu ya namna hiyo sijaiona kwenye video yoyote. Nenda jioni wakati wanafagia, usiende asubuhi fundi akiwa anakimbizana na mteja. Salimia vizuri. Keti kidogo. Usiguse mashine yake.

Ukishafika nyumbani na gunia lako, fanya mambo mawili. La kwanza, tafuta spika iliyokufa, toa sumaku yake, ipitishe juu ya kila kipande. Msumari mmoja uliojificha unamaliza bleidi. La pili, kama una shaka na ukavu, pima kipande kwa mizani ya jikoni, andika uzito kwa penseli, kiache ndani ya nyumba wiki moja, pima tena. Kama uzito bado unashuka, bado kinatoa maji. Ukiacha kushuka, kata.

Najua kuna atakayesema: mabaki hayafanani, mteja akitaka majina ishirini ya harusi utafanyaje? Swali zuri, lakini ni la mtu ambaye tayari ana mteja wa majina ishirini. Ukifika hapo, nenda kwa fundi yule yule, mwombe mnunue ubao mkavu pamoja, akupasulie na kukupigia randa kwa malipo. Mwingine atasema plaiwudi inamaliza shida zote. Ni kweli kwamba kwa kazi nyembamba yenye maua mengi, plaiwudi ni bora kwa sababu haipasuki kirahisi. Lakini shiti nzima ni futi 8 kwa 4, boda gani itakubebea? Na plaiwudi ya bei ya chini ina mapengo ndani ambayo huyaoni hadi bleidi idumbukie. Nenda kwa wanaotengeneza makabati ya jikoni, nao wana vipande vya plaiwudi na MDF. MDF inakata kama siagi, ila gundi yake ina fomaldehidi na vumbi lake ni jembamba sana. Ikate nje, na barakoa usoni.

Kuna mbao ambazo hata ukipewa na zawadi juu, kataa. Mbao za mjengo zilizomwagiwa zege, kwa sababu mchanga unakula meno ya msumeno. Vipande vya nguzo za stima na vigingi vya ua vyenye rangi ya kijani, kwa sababu vimewekwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na nyingine ina aseniki. Usikate hiyo ukampa mtoto achezee. Paleti zinazouzwa karibu na Industrial Area ni nzuri, lakini soma muhuri. HT maana yake mbao ilipashwa joto, chukua. MB maana yake ilipuliziwa methili bromidi, iache. Isiyo na muhuri wowote, iache pia, hujui ilibeba nini.

Halafu kuna mbao za kukataa kwa sababu nyingine. Mtu akikunong'onezea ana msandali, ondoka. Uvunaji wake ulipigwa marufuku na rais mwaka 2007, na hutaki kueleza polisi kwamba ulikuwa unakata hereni. Kumbuka pia mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, na hadi rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2023, mafundi walikuwa wakilia kila siku na bei. Aliyekuwa amezoea mabaki na miti ya shambani alikuwa na pa kushika.

Na hili si jambo jipya kwetu. Wachongaji wa Kikamba, wale wa Wamunyu na wa Changamwe ambao vinyago vyao viko kwenye kila duka la watalii, walitegemea mpingo na muhugu kwa miaka mingi hadi miti hiyo ikaadimika. Wengi walihamia mwarobaini, mwembe, jacaranda na huo mukima wetu, miti inayopandwa na kukua haraka. Kama watu wenye ujuzi huo walikubali kuchonga mwembe, mimi na wewe tunaojifunza kukata herufi A tunadai walnati ya nini?

Yule mama wa herufi saba nilimtafuta baada ya miezi kadhaa. Nilikuwa nimemkatia jina upya kutoka kwa vipande vya mahogani vya yule mzee, kila herufi kipande chake, nikaziunganisha kwa gundi juu ya ubao mwembamba. Sikumtoza kitu. Mpaka leo liko mlangoni na halijapinda, na dadake akaagiza la kwake.

Kwa hivyo Jumamosi hii toka na gunia tupu, penseli na mia mbili tatu mfukoni. Nenda kwa fundi aliye karibu zaidi na kwako. Muulize jina la kila kipande, uliandike juu ya kipande chenyewe kabla hujasahau, umlipe. Na ukimkuta mama githeri amefika kabla yako, msubiri achague kwanza.