Posti ndege, lakini kiota kifiche

KUNA picha moja ambayo nimeifuta mtandaoni lakini kwenye simu nimeshindwa kuifuta. Ni ya korongo taji wawili, wamesimama kwenye kinamasi kando ya bwawa la shamba huko Kabazi, Kaunti ya Nakuru. Jua linaingia, ile taji ya manyoya ya dhahabu kichwani inawaka. Mmoja amesimama kando ya rundo la matete yaliyolazwa. Juu ya hilo rundo kuna mayai matatu.

Niliipiga Januari mwaka jana nilipoenda ushago kumwona shosho. Jioni hiyo hiyo nikaiposti, nikabandika na pini ya lokesheni, maana mtu akiuliza "hapo ni wapi?" unataka ajue ni kwenu. Kufikia asubuhi ilikuwa na laiki kushinda picha zangu zote za mwaka uliotangulia. Manze, nilijiona.

Wiki iliyofuata shosho akanipigia simu. Hakusalimia. "Hawa watoto wa kamera ni wewe umewatuma?" Walikuwa wamekuja wawili wawili na bodaboda, wakashuka hadi bwawani. Kuna aliyefyeka matete ili picha yake itoke safi. Siku ya nne korongo hawakuonekana, na mayai pia hayakuwepo. Kama ni mtu aliyeyabeba au ni kunguru aliyekuta kiota kimeachwa wazi, hakuna aliyeshuhudia. Lakini njia ya kufika pale niliichora mimi.

Basi maoni yangu leo ni haya, na nayasema bila kuzunguka: piga ndege picha, posti, jigambe. Lakini kiota na mahali kilipo, viache nje ya mtandao.

Sikwambii uache. Kwanza kama hujaanza, nakusihi uanze. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi hawaishi ndani ya mbuga yenye lango na tiketi. Pale kwa shosho, kabla chai ya asubuhi haijaiva, huwa nimeshawapata kuzumburu wakining'inia kwenye mpera na mikia yao mirefu, chozi akifyonza ua la mgomba, na kwarara wawili wakipita juu ya paa na kelele zao kama watu walioachwa na matatu. Mjini Nakuru kwenyewe, keti tu karibu na kibanda cha chakula uone mwewe anavyoshuka kunyakua kipande cha nyama. Ukiipata hiyo picha, hakuna atakayekuuliza ulitumia kamera gani.

Na pesa je? Ni kweli wapo wenye lenzi ndefu kama bomba la maji, na kuna lenzi inayoshinda bei ya pikipiki mpya. Mimi nilianza na simu ya kioo kilichopasuka na darubini ya kuazima. Unaegemeza kamera ya simu kwenye jicho la darubini, unabana pumzi mkono usitetemeke, unapiga kumi ili upate moja. Amka mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa bado mpole. Hakikisha jicho la ndege limetoka wazi. Jicho likiwa fiti, mengine husameheka. Chuo niliachia njiani, na hakuna ndege aliyewahi kuniuliza cheti.

Tena hauko peke yako. Pale Makumbusho ya Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi ya kuangalia ndege yamekuwako tangu miaka ya 1970, na Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi. Mwaka 2017 Mkenya mwingine, Washington Wachira, mwanaekolojia na mpiga picha wa ndege, alipanda jukwaa la TED kule Arusha kuuambia ulimwengu kwa nini anawapenda viumbe hawa. Kwa hivyo ukiambiwa na maboyz wa mtaa kwamba kufuata ndege ni mambo ya wazungu waliostaafu, wacheke tu.

Sasa turudi kwa kiota. Najua kuna mtu anasema, "Bana, si ni mayai matatu tu? Korongo wako wengi." Wengi walikuwa zamani. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka korongo taji kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Huyu ni ndege aliye kwenye bendera ya Uganda, ndege ambaye shosho anasema alipokuwa msichana walikuwa wakimfukuza shambani kama kuku. Vinamasi anamotaga vinakaushwa na kulimwa viazi na sukuma. Nyaya za stima humkata akiruka. Wengine hulishwa sumu mashambani. Na kuna watu ambao huiba mayai na makinda ili wamfuge uani kama pambo, ingawa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki mnyama wa porini bila kibali.

Halafu huyu si kuku wa kutaga kila asubuhi. Hutaga mayai mawili au matatu, kisha dume na jike huatamia kwa zamu kwa karibu mwezi mzima. Makinda wakianguliwa, hukaa miezi miwili au mitatu wakitembea nyuma ya wazazi kabla hawajaweza kuruka. Ukiwafukuza siku moja tu jua likiwa kali, au usiku ukiwa na baridi ile ya Subukia, yai linaharibika. Mzazi akiondoka kwa dakika ishirini kwa sababu wewe unatafuta pembe nzuri, kunguru anahitaji dakika mbili.

Hapo ndipo pini ya lokesheni inapokuwa noma. Zamani mpiga picha mmoja angesumbua kiota kimoja. Leo posti moja inaleta watu arobaini, na kati ya hao arobaini anatosha mmoja mwenye gunia.

Lakini kuna jambo linalonisumbua, nawe lazima ulifikirie. Picha isiyo na mahali wala tarehe ni pambo tu. Picha yenye mahali na tarehe ni ushahidi. Tazama Ziwa Nakuru. Wazazi wetu wana picha za harusi na za safari za shule ambapo ufuo wote ni waridi kwa sababu ya heroe. Kuanzia karibu mwaka 2010 maji yalianza kupanda, yakameza barabara na misitu ya kandokando. Maji yalipozidi, magadi yakapungua makali, na mwani ambao heroe hula ukapungua pia. Wengi wao wakahamia Bogoria na maziwa mengine. Zile picha za zamani, zenye mwaka ulioandikwa nyuma kwa kalamu, zinatuonyesha ufuo ulikuwa wapi na ndege walikuwa wangapi. Zingekuwa hazina tarehe wala mahali, zingetuambia nini?

Kwa hivyo sisemi uifiche habari. Nasema uchague unampa nani. Kuna mradi unaoitwa Kenya Bird Map, ambapo mtu yeyote anaweza kuandikisha ndege aliowaona kwa kutumia programu ya simu ya BirdLasser. Mradi huo umeigawa nchi kwa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Watafiti wakijua kwamba kwenye mraba fulani kuna korongo taji wanaotaga, wanapata wanachohitaji. Mwizi wa makinda akiambiwa atafute kiota kwenye mraba wa kilomita 9 kwa 9, atachoka kabla hajavuka shamba la pili la kahawa. Kuna pia eBird, ambayo huficha mahali hasa walipoonekana baadhi ya ndege walio hatarini hata kama wewe umeyaandika. Kama wataalamu wenyewe wanaficha, wewe na mimi tunaanika kwa faida ya nani?

Mwingine atanipinga kwa upande wa mfuko. Atasema watu wakijua mahali, wageni watakuja, na kijana wa Kabazi atapata chochote kitu. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Kule Ziwa Baringo kuna vijana wa pale pale wanaoishi kwa kuwaonyesha wageni ndege. Lakini angalia wanavyofanya: mgeni hapewi pini. Anapelekwa. Mwenyeji hutembea naye, humwonyesha pa kusimama, na humwambia wakati wa kuondoka ukifika. Maarifa yanabaki kwa mwenyeji, na pesa pia. Nilipoposti pini yangu bure, hakuna mtu hata mmoja pale Kabazi aliyepata shilingi. Kijana anayejua kila bwawa la eneo lile, ambaye angelipwa kuwaongoza wale wageni, nilimpokonya kazi kabla hajaipata.

Basi tukubaliane mambo machache.

Kwanza, zima lokesheni kwenye kamera ya simu yako. Simu nyingi huandika mahali ndani ya faili la picha bila kukuuliza. Mitandao mingi huondoa hiyo habari ukiposti, lakini ukituma picha kama dokumenti kwenye WhatsApp, inasafiri nayo. Angalia pia kilicho nyuma ya ndege: kibao cha shule, mlingoti wa simu, tangi la maji lenye jina. Mtu wa pale ataona mara moja ni wapi.

Pili, picha za kiota ziweke kabatini hadi makinda waruke. Picha haiozi. Tena kama ni kiota cha ndege adimu, afadhali hata usikikaribie. Ukiona ndege ameacha kula, amenyoosha shingo na kukukodolea macho, umeshakaribia mno. Rudi nyuma.

Tatu, usifyeke tawi wala tete kwa ajili ya picha. Usimrushie jiwe ndege ili aruke. Usimchezee sauti ya ndege mwenzake kwa spika mara kumi mpaka apagawe akidhani amevamiwa. Droni juu ya kundi la ndege ni fujo tupu, na bila kibali inaweza kukutia mashakani na sheria.

Nne, piga hodi. Ukionekana na kamera kwenye shamba la mtu kule kwetu, atadhani umetumwa na broka wa mashamba. Nenda nyumbani, msalimu mzee, mwambie unachotafuta. Mara nyingi atakuonyesha ndege ambaye ungemtafuta wiki nzima. Na akikwambia usipite upande ule, usipite.

Ukifuata hayo, hutapoteza kitu. Picha yako itakuwa nzuri vile vile. Laiki zitakuja vile vile. Mtu akiuliza "hapo ni wapi?" mwambie "bonde la ufa" umalizie na emoji ya kucheka. Atanuna kidogo, kisha atasahau. Korongo hana namna ya kusahau.

Nilirudi Kabazi mwezi uliopita. Nilimpelekea shosho kilo mbili za sukari, naye akazipokea bila kusema neno kuhusu ndege. Jioni tulishuka pamoja hadi bwawani. Matete yamemea tena, marefu kuliko yale ya mwanzo. Kulikuwa na mdiria kwenye uzio na yangeyange wachache nyuma ya ng'ombe. Korongo hawakuwepo. Shosho alisimama akitazama maji kwa muda, kisha akasema, "Walikuwa wakija kila mwaka tangu guka wako akiwa hai."

Sikutoa simu mfukoni.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua ukurasa wako. Tafuta kila picha ya ndege uliyoibandikia pini, hasa yenye kiota, na uiondoe hiyo pini. Itakuchukua dakika tano. Ningezifanya hizo dakika tano Januari mwaka jana, leo ningekuwa na stori nyingine ya kukupa.